Wasaidizi wa kisheria pale Mwanga, Kigoma: kwa yeyote anayeshika nafasi ya mtu aliyeenda kujifungua

Habari zenu wadau wa Kigoma. Hii kitu nimekaa nayo tangu mwezi wa tisa mwaka jana, nikawa najisemea siku nikipata bando la kutosha na watoto wamelala naandika yote, basi leo ndo leo. Ni kuhusu ile ofisi ya wasaidizi wa kisheria pale Mwanga, vyumba viwili nyuma ya maduka, mlango wa bluu, benchi moja nje chini ya mwembe. Jina la ofisi siweki maana sijawaomba ruhusa, ila ukifika sokoni ukaulizia wasaidizi wa kisheria hata bodaboda wanakufikisha. Watu wengi tunajua pale ni pa kesi za viwanja, mirathi, na mababa wanaokimbia matunzo, mi mwenyewe nilikuwaga najua hivyo, kumbe mambo ya kazi pia wanasaidia na hawachukui hata mia.

Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja nitasema huko mbele kwa nini sijaitoa.

Niwaelezee nilifikaje. Nilikuwa mtunza stoo kwenye duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa hapa mjini, saruji, bati, nondo, rangi, misumari, mzigo mwingine unateremshwa Kibirizi unapanda maboti unaenda Congo na Burundi. Sikuwa wa kudumu. Niliingia tarehe 3 Machi 2025 kumshikia dada mmoja aliyekuwa anaenda likizo ya uzazi. Mkataba wenyewe ni karatasi moja iliyochapwa steshenari, imeandikwa miezi mitatu, nitashika nafasi ya mfanyakazi aliye likizo ya uzazi, mshahara laki nne kwa mwezi, sahihi ya meneja na yangu, basi. Wiki mbili za kwanza tulikuwa wote na yule dada, tumbo lishakuwa kubwa hawezi kuinama, yeye anasoma leja mi nahesabu mifuko, mwisho tukaandika karatasi ya makabidhiano nakala mbili tukasaini wote wawili. Ile karatasi kumbukeni, inarudi.

Tarehe 17 Machi akaanza likizo. Hesabu ya kila mtu ilikuwa siku 84, maana sheria ndo inavyosema kwa mama aliyejifungua mtoto mmoja, na zinalipwa. Mungu akampa mapacha. Kwa mapacha siku zinakuwa 100. Akajumlisha na likizo yake ya mwaka siku 28. Kwa hiyo mkataba wangu kwenye karatasi uliisha tarehe 2 Juni ila mwenye nafasi alikuwa harudi mpaka Julai 23, na meneja hakunipa karatasi nyingine, aliniambia tu "we endelea, hatukimbiani". Nikaendelea. Juni nikalipwa vizuri. Tarehe 22 Julai saa mbili usiku naingia wasapu nakuta meseji, kesho usije, mwenye nafasi amerudi, njoo Ijumaa uchukue chako.

Ijumaa naenda, nakuta bahasha ina elfu thelathini na nane. Naambiwa siku zangu 22 za Julai zilikuwa 280,000 ila stoo imehesabiwa kuna upungufu wa mifuko 11 ya saruji, kila mfuko 22,000, jumla 242,000 nimekatwa. Nikauliza imehesabiwa lini na nani maana mi sikuitwa. Bosi mwenyewe akatoka ofisini akaniambia mbele ya vibarua wa kupakia, "we ulikuwa unashika nafasi ya mtu tu, mwenye nafasi karudi, sasa unadai kama nani?"

Hilo neno liliniumiza kuliko hela. Nililala nalo wiki nzima nikianza kuamini kwamba kweli, mi ni wa kushika tu, kama mtu anayekushikia mtoto ukiwa unapanda haisi, ukishakaa unampokea na yeye anaendelea na safari zake. Mama yangu huko Kasulu akaniambia achana nao mwanangu tafuta kazi nyingine. Shemeji yangu ndo akasema nenda pale Mwanga, walimsaidia yeye na kiwanja.

Nilifika tarehe 19 Agosti, siku ya 28 tangu ile meseji. Nasema siku ya 28 kwa sababu ndo kitu cha kwanza nilichoulizwa. Alikuwepo mama mmoja mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kaa, umeachishwa lini? Sijaanza hata kulia. Akachukua kalenda ya ukutani, zile za wauza saruji, akaniwekea mezani akasema hesabu mwenyewe kwa sauti tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Machi siku 29, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, Julai 22. Siku 142.

Halafu akanivunja moyo, na hapo ndo nilianza kumuamini. Akasema mwanangu, hujafikisha miezi sita. Kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile sehemu ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo huyo. Kwa hiyo usipoteze nguvu kudai kwamba wamekuachisha kionevu, utagonga mwamba. Na likizo ya kulipwa hivyo hivyo, chini ya miezi sita sheria haikupi. Mi nilikuwa nimeshajiandalia hotuba nzima ya kuonewa. Wangapi wangenidanganya hapo, wangeniambia tutamfilisi huyo bosi, lete elfu hamsini ya kufungulia faili? Yeye aliniambia ukweli bure halafu akasema sasa tuone vilivyobaki, na vilivyobaki vilikuwa vingi.

Nitaviandika kama nilivyovielewa kwa sababu najua humu kuna wadada na makaka wanaoshikia watu nafasi mashuleni, zahanati, kwenye mashirika ya kule Kasulu na Kibondo, na wengi wetu tunaambiwa neno lile lile nililoambiwa mimi.

Mshahara wa siku ulizofanya ni wako, hauna miezi sita wala siku sita. Umefanya siku moja umeshadai siku moja. Na kukatwa kwa ajili ya hasara kuna utaratibu wake: mwajiri anatakiwa akueleze kwa maandishi hasara ilitokeaje, ni kiasi gani na amekipataje, akupe nafasi ya kupinga, iwe ni kosa lako kweli na imetokea ukiwa kazini, na wewe ukubali kwa maandishi. Hata ukikubali, makato ya namna hiyo hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Mama akachukua kikokotoleo, robo ya 280,000 ni 70,000. Wao walikata 242,000 bila hata karatasi. Nilikaa kimya nikaangalia ile namba kwenye kikokotoleo, nikajiona sio mtu wa kushika tena.

Cheti cha utumishi nacho. Hiki wengi hatukidai kabisa, na kwa mtu wa mikataba mifupi ndo dhahabu, maana usipokuwa nacho miezi mitano ya maisha yako inakuwa kama ulikuwa umelala, bosi mwingine akiuliza ulikuwa wapi huna cha kuonyesha. Ajira ikiisha mwajiri anatakiwa akupe, haijalishi imeisha kwa ubaya au kwa uzuri.

Kuna suala la notisi. Hapa aliniambia wazi kwamba panabishaniwa. Mkataba wa muda maalum ukifika tarehe yake unakufa wenyewe, hakuna notisi hakuna nini, kwa hiyo kama wangenitoa tarehe 2 Juni ilikuwa kwaheri. Ila mimi niliendelea kufanya kazi baada ya muda kuisha na wao wakaendelea kunipa kazi na kunilipa, na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema mkataba unaweza kuhesabika umejihuisha ukiendelea kufanya kazi hivyo na mazingira yakiruhusu. Wao watasema ulikuwa unajua unashika nafasi, mwenye nafasi akirudi imeisha. Sisi tutasema mlimuweka mwezi na siku ishirini bila karatasi, halafu mkamtoa kwa meseji ya usiku wakati anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Akasema weka kwenye madai ila usilalie hapo moja kwa moja.

Na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Mi sikuwahi kuandikishwa, nilivyouliza mwanzoni nikaambiwa wa muda hawakatwi. Akatikisa kichwa akasema hakuna kitu hicho, mwajiri wa sekta binafsi anatakiwa akuandikishe na apeleke asilimia 20 ya mshahara, na kwako hawezi kukata zaidi ya nusu yake. Akanielekeza niende dirishani kwao kivyangu maana hilo lina njia yake.

Kitu kingine alichonifundisha na ningependa kila mtu akijue: hiyo miezi sita inajumlishwa. Kuna mabosi wanampa mtu miezi mitatu, wanamtoa, wanamwita tena mitatu kumshikia mwingine, wakidhani kila karatasi inaanza upya. Sheria inasema mkataba mmoja au zaidi, ilimradi mwajiri ni yule yule. Hata likizo, ukiwa umefanya zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri huyo huyo na jumla ikazidi miezi sita, inakuhusu. Kwa hiyo tunzeni karatasi zote, hata ile ya zamani iliyolowana mafuta ya mawese kwenye mkoba. Na kama hukupewa karatasi kabisa usikate tamaa, mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mbele ya shauri ni yeye anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Nilimuuliza pia mbona rafiki yangu aliambiwa mkataba wa muda hauruhusiwi kwa mtu wa stoo, akasema sheria ya 2004 ilikuwa imeubana kwa wataalamu na kada ya uongozi, marekebisho ya 2025 ndo yamefungua mlango kwa aina nyingine za kazi, tusiingie huko, kesi yako haihitaji.

Haya, huduma yenyewe sasa. Walinisaidia kuandika barua ya madai, kurasa moja tu, lugha ya heshima, tarehe, kiasi, na siku saba za kujibu. Nilitaka niongeze pale neno lake la "kama nani" akanikataza, akasema barua ya madai inabeba madai, hasira utaziacha hapa kwenye benchi. Niliipeleka mwenyewe na daftari la kusaini kwamba wamepokea. Siku saba zikapita kimya.

Ndipo tukaenda kwenye fomu ya CMA, hii Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, fomu yenyewe inaitwa fomu namba moja. Hapa kuna siku za kuangalia sana: ukidai kuachishwa isivyo haki una siku 30 tu, madai mengine ya kazi siku 60. Mimi kwa sababu madai yangu ni mshahara na cheti nilikuwa kwenye 60, zangu zilikuwa zinaisha tarehe 20 Septemba. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda lakini lazima uwe na sababu ya maana, na kuumia moyo tu sidhani kama kunahesabika. Msaidizi wa kisheria alikaa na mimi saa nzima kwenye ile fomu, kila kisanduku ananiuliza kwanza mi nijibu kwa mdomo ndo niandike, haandiki yeye. Nilidhani ni uvivu kumbe alikuwa ananiandaa, maana kule ndani nitaongea mwenyewe. Fomu unampelekea mwajiri nakala kwanza, unapata uthibitisho kwamba amepokea, ndo unaifungua kule tume. Kufungua hulipi kitu.

Sasa ile karatasi ya makabidhiano. Nakala yangu niliiacha kwenye droo ya stoo, na stoo siingii tena. Nakala nyingine alikuwa nayo yule dada. Nikasita sana kumpigia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kinyongo naye, nilijua yeye ndo kanitoa kwa kurudi kwake, na nilishasikia kwa vibarua kwamba bosi alikuwa anamwambia huyu wa muda anafanya kazi kukushinda, ukichelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nikadhani na yeye ananichukia. Mama pale ofisini alivyosikia akaniambia, mwanangu, huyo dada amerudi kazini kwake kwa haki yake, sheria inasema akimaliza likizo anarudi kwa masharti yale yale, na wewe umefanya kazi yako kwa haki yako, nani kawaambia nyie ni maadui? Mpigie.

Nikampigia. Alikaa kimya kidogo halafu akaanza kulia yeye. Kumbe likizoni alikuwa anapigiwa simu kila wiki, anaulizwa wewe utaweza kweli na watoto wawili, na hata aliporudi akiomba yale masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha, ambayo yako kwenye sheria, anaambiwa yule mwenzako hakuwa anatoka toka. Yaani mimi nilikuwa natumika kumpiga yeye, na yeye anatumika kunipiga mimi.

Jumamosi akaja pale Mwanga. Pacha mmoja mgongoni, mwingine kabebwa na shangazi yake, Bukuru na Toyi, wamenona Mungu awatunze, na kwenye mfuko wa nepi ile karatasi imekunjwa mara nne. Tukaifungua. Mstari wa saba, mwandiko wake mwenyewe: saruji, mifuko 11 imechanika na kuganda, haiuziki. Tarehe 14 Machi, sahihi zote mbili. Upungufu wao wa mifuko 11 ulikuwepo kabla mi sijashika funguo. Mama wa ofisini aliisoma mara mbili akavua miwani. Wakatoa fotokopi duka la jirani kwa sababu wao printa yao ilikuwa imekufa, yule dada akalipa yeye mia mbili akakataa nisimrudishie.

Usuluhishi ulikuwa katikati ya Septemba. Yaliyosemwa mle ndani siandiki, tuliambiwa yanabaki mle na mi naheshimu. Msaidizi wa kisheria alinieleza mapema kwamba msuluhishi hakati kesi, anawakutanisha mkubaliane, ana siku 30, mkishindwana ndo inakwenda kwenye uamuzi ambapo kuna mashahidi na kila kitu. Akanisisitiza nisikose siku hiyo hata mvua inyeshe mawe, maana mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa, na mlalamikiwa asipofika linaweza kuamuliwa bila yeye. Nilifika saa moja kasoro asubuhi, mlinzi hajafungua geti.

Tulikubaliana siku ile ile na tukasaini. Nimelipwa Julai yote 280,000 bila kukatwa, nikapewa na 200,000 kwa ajili ya ile notisi, ambayo ni nusu ya mwezi, nilikubali kwa sababu mama alishaniambia pale panabishaniwa na mi sikutaka kuendelea mwaka mzima. Ukitoa zile 38,000 za bahasha nilizopokea mwanzo, nilipewa 442,000 mkononi. Na cheti cha utumishi kina muhuri, kimeandikwa mtunza stoo, kuanzia 3 Machi mpaka 22 Julai 2025. Hicho cheti ndo kilinipa kazi niliyonayo sasa hivi, na kwenye hii kazi nilisoma mkataba mzima kabla sijashika kalamu, nikauliza mwajiri nikiendelea baada ya tarehe hii inakuwaje, akaandika.

Sasa nyota iliyobaki. Faragha hakuna. Chumba cha mbele watu wanasubiri, cha nyuma ndo unahudumiwa, katikati ni ubao na pazia, kila kitu kinasikika. Siku ya fomu nilikuwa nasubiri nikasikia yote ya binti mmoja aliyekuwa anafundisha chekechea ya binafsi, na yeye kashika nafasi ya mwalimu aliye likizo ya uzazi, halafu na yeye mwenyewe ana mimba ya miezi mitano, mkuu wa shule kamletea barua iliyoandikwa tayari kwamba anaacha kazi kwa hiari asaini tu. Nilisikia mpaka jina la mwanaume. Hakustahili sisi watu sita tusikie vile. Nilichofurahi ni jibu alilopewa: usisaini. Akaambiwa kweli, kwa muda aliofanya likizo ya uzazi ya kulipwa sheria haimpi, lakini kumtoa mtu kwa sababu ya mimba ni ubaguzi na huo ni mlango mwingine kabisa, hausubiri miezi sita, hata anayeomba kazi tu analindwa nao. Alitoka pale na ile barua haina sahihi, kaishika kwa ncha za vidole kama kitu kichafu. Ila jamani, pazia litolewe, wekeni mlango. Kama kuna mdau ana fundi au mbao anaweza kujitolea, mi nachangia bawaba na misumari.

Pia simu yao mara nyingi haipokelewi, na foleni ya viwanja inaweza kukumeza asubuhi nzima, watu wa viwanja wanakuja ukoo mzima. Nilishawahi kukaa tangu saa mbili mpaka saa saba. Ukiwa na jambo la kazi mwambie mapema yule kijana wa daftari kwamba siku zako zinahesabika, wanakusogeza mbele, mi sikujua siku ya kwanza nikakaa tu.

Mjue pia kwamba wasaidizi wa kisheria sio mawakili. Wapo kwa sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, wanakuelimisha, wanakuelekeza, wanakuandaa, hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Kwa mtu kama mimi madai ya laki nne na ushee ilitosha kabisa. Kama shauri lako ni kubwa na limefika uamuzi au Mahakama Kuu watakuambia utafute wakili au chama cha wafanyakazi kama ni mwanachama.

Mkienda bebeni mkataba, meseji zote msifute, taarifa ya benki au muamala wa simu unaoonyesha mshahara, na kama mlikabidhiana na mtu karatasi basi mpigieni mkiwa bado mna namba yake. Wanafungua saa mbili, wanafunga saa tisa. Jumatano msiende, wanakuwa Ujiji siku nzima.